Kelele Iliyomeza Wito wa Masaki

Juzi nilimpelekea mama yangu chaja mpya ya simu, mojawapo ya zile zinazomwagwa juu ya turubai na kuuzwa kando ya barabara, hapa Kongowe ya Kibaha. Nilipoichomeka ukutani, redio yake iliyokuwa ikitoa mawaidha ilimezwa na mngurumo mkavu, kama mtu anayekaanga bisi ndani ya debe. Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua macho.

"Chomoa," akasema.

Nikachomoa, na sauti ya sheikh ikarudi mahali pake. Baba alikuwa hajatimiza arobaini kaburini, na mlio ule sote wawili tulijua tulianza kuusikia wapi.

Wenzangu wa rika langu mtaikumbuka redio ya upepo. Kisanduku cha chuma mezani, kipaza sauti cha kushika kiganjani, unabonya ukisema, unaachia ukisikiliza. Simu za mkononi zilikuwa bado hazijafika vijijini, kwa hiyo mama mjamzito aliyezidiwa, au mtu aliyegongwa na nyoka shambani, habari zake zilipita hewani. Baba alikuwa mwendeshaji na fundi wa kituo kimoja cha namna hiyo huko Kisarawe, juu kilimani, mali ya shirika la misaada ambalo lilishafunga virago zamani. Zahanati za bondeni zilimwita yeye, naye aliita gari la wagonjwa. Chumba cha redio kilikuwa ndani ya uwanja wa nyumba yetu. Kati ya mlango wake na mlango wa jiko la Mama palikuwa na kamba ya kuanikia nguo tu, halafu njia ya kuteremkia mtaani.

Chumba kile kilinukia risasi ya kuchomelea, vumbi lililopata moto, na kahawa. Sikuruhusiwa kuingia, ila niliruhusiwa kukaa kizingitini. Nilizijua sauti za bondeni kama nilivyozijua za jirani zetu: yupi ana kikohozi, yupi hucheka kabla ya kusema "ova" ya kumaliza zamu yake. Kazi ya baba yangu, nilivyoielewa mimi, ilikuwa kuongea na watu wasioonekana, na ilinipa hadhi kubwa shuleni.

Kelele ilianza masika yalipokwisha na jua likashika. Mwanzoni ilikuwa kama nzi aliyenaswa ndani ya spika. Baada ya wiki chache ikawa mngurumo unaoanza jua likipanda na kupungua alasiri ikielekea magharibi. Baba alimwarifu mkuu wake wa kazi aliyekuwa Dar es Salaam. Mkuu akamjibu aongeze sauti.

"Aongeze sauti," Baba alimwambia Mama siku ile, akicheka bila furaha. "Nikiongeza sauti ya mtu naongeza na kelele. Ni kama mchuzi uliozidi chumvi, halafu unaambiwa ongeza mchuzi uleule."

Shangazi yangu Mwajuma, dada pekee wa baba yangu, alikuwa ameolewa Masaki, hiyo Masaki ya Kisarawe, ya mihogo na mikorosho. Alikaa miaka mingi katika ndoa bila kupata mtoto. Mwaka ule akapata ujauzito. Alipopanda mlimani kututembelea, Mama alimwekea kiti chenye mto, na Baba, mtu asiye na mizaha, alimtania kwamba mtoto akija ataitwa kwa redio.

Siku moja mchana uchungu ukamjia, ukaja vibaya. Nesi wa zahanati alikaa redioni akiita. Baadaye aliwaambia watu, "Niliita mpaka koo likanikauka. Kisarawe hakujibu mtu." Walimsubiri mtu ajibu, hakuna. Ikabidi wamfunge Shangazi kwa kanga kwenye pikipiki, mtu akimshika kwa nyuma, wapande naye ile njia ya mashimo. Alifika hospitali akiwa hai. Mtoto hakufika hai.

Sikumbuki kama nililia. Nakumbuka matanga yale madogo, ya mtoto ambaye hata jina hakupewa, na kaka mkubwa wa baba yangu akiuliza mbele ya watu wote, "Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa chumbani," Baba akasema. "Sikutoka. Kelele ilikuwa kubwa, sikusikia kitu."

Shangazi Mwajuma alikuwa amelala kwenye godoro, uso ameuelekeza ukutani. Hakugeuka.

Haikupita wiki mkuu wa kazi akapanda mlimani na gari lake kuja kuisikiliza kelele hiyo. Usiku wa kuamkia siku hiyo mvua ilinyesha isiyo ya msimu, na asubuhi ilikuwa bado inanyesha. Akaketi kwenye kiti cha Baba, akavaa vile visikilizio vya masikioni, akazungusha vitufe. Kimya. Sauti za bondeni zilikuja safi kama maji ya mtungi. Akaita zahanati moja baada ya nyingine, zote zikajibu.

"Kelele gani, Fundi?" akauliza.

"Ilikuwepo jana, Mkuu."

"Jana." Alivua vile vya masikioni, akaviweka mezani taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu. "Mwezi ukiisha nitarudi. Nikikuta hakuna kelele, tutazungumza habari nyingine."

Hapo ndipo Kisarawe ilipoanza kunong'ona. Maneno yalikuwa na mahali pa kushikia, kwa sababu Baba alikuwa ameonekana mara kadhaa mchana kwa Mama Upendo. Huyu alikuwa mjane kutoka Njombe, aliyeletwa na kazi ya mumewe dereva, na mume alipofariki akabaki. Alikuwa na friji, pekee katika njia yetu, akiuza barafu za ukwaju na maji baridi. Alisali Jumapili, alifunga kilemba chake kwa namna ya kwao, na hakuwa na tabia ya kukaa barazani na wenzake. Hayo yalitosha. Mama hakulitaja jina lake. Alimwita "yule wa friji".

Sisi watoto tulikuwa na yetu. Friji ile ilikuwa ukumbini, kubwa, nyeupe, yenye kutu miguuni, na kila baada ya muda ilitetemeka na kunguruma peke yake. Mama Upendo hakumruhusu mtoto kuifungua. Mwenzangu mmoja aliapa kwamba ndani mna kitu kinachopumua. Niliposikia wakubwa wakisema kelele ya redio huenda inatoka kwa yule wa friji, nikayaunganisha. Kitu kile ndicho kilichommeza nesi wa Masaki, sauti yake yote, na mtoto wa shangazi yangu akiwa ndani ya sauti hiyo. Nikaacha kununua barafu.

Mvua ilipokatika na jua likarudi, kelele nayo ikarudi. Baba akatoa vyombo vyake: kisanduku kidogo chenye kioo na mshale, kitanzi cha waya mnene alichokifunga kwenye mpini wa fagio, na vile vya masikioni. Alisema anakwenda kuitafuta.

"Mchukue huyu," Mama akasema, akinisukuma begani. "Akubebee vyombo."

Baba alimtazama. Nadhani alielewa. Akasema, "Haya, twende."

Nilipopita mlangoni Mama aliinama kunifunga kamba ya kiatu, ambayo haikuwa imefunguka. "Macho uyafungue," akaniambia. "Na masikio."

Nikawa mpelelezi wa mama yangu. Nilikuwa na umri wa kuona fahari katika jambo hilo.

Baba hakuanza na mtaani. Alianza palepale chumbani, na kwa mara ya kwanza nikavuka kizingiti. Alichomoa waya wa antena, mahali pake akachomeka kitu kidogo kama punje ya hindi, chenye michirizi ya rangi. Mngurumo ukakoma. Ukabaki mchirizo mwembamba, shhh, kama mchele unaomiminwa kwenye ungo mbali sana.

"Hiyo nayo ni kelele," akasema. "Ya chombo chenyewe. Chuma kikiwa na joto, umeme ndani yake hautulii. Hata ukikifungia sandukuni, haiishi. Angalia mshale umesimama wapi."

Niliangalia. Akarudisha antena, mshale ukaruka, ukagonga ukingo wa kioo.

"Unaona pengo? Pale na hapa. Pengo hilo ndilo linalotoka nje. Mtu akitaka kulalamikia kelele za wenzake, lazima kwanza apime yake."

Akanieleza kwamba zile za nje nazo ni za aina mbili. Ipo ya mbinguni, ya radi na ya jua, inayopasuka na kunyamaza bila utaratibu. Na ipo ya watu, ya mashine za kusaga, za kuchomelea vyuma, taa za mirija, mota, na hiyo ina mwendo, inarudia, kwa sababu imefungwa kwenye umeme ulioizaa. "Sikiliza hii," akanivika vile vya masikioni. "Ina mwendo au haina?"

Niliisikiliza kwa hofu, nikitafuta ndani yake sauti ya nesi. Nilidhani nikitulia nitamsikia, au nitamsikia mtoto. Ilikuwa na mwendo. Ilikwenda rrr, rrr, rrr, kama kitu kinachotafuna.

"Inatafuna," nikasema.

Baba alicheka, cheko la kweli, la kwanza tangu matanga. "Basi ni ya watu."

Tukatoka. Alibeba kitanzi juu kama bendera, nami nikabeba kisanduku kifuani. Alikizungusha polepole huku akisikiliza. Kelele ilipanda na kushuka. Aliniambia inaposhuka kabisa, basi tundu la kitanzi linatazama kule inakotoka, ila huwezi kujua ni mbele au nyuma, ndiyo maana lazima upime mahali pawili na kuona mistari inakutana wapi. Alichora kwa kijiti mchangani, mstari wa kwanza tukiwa karibu na msikiti, wa pili tukiwa njia ya ofisi za wilaya.

Watu walitutazama. Kwenye kijiwe cha bao wazee waliacha kete zao.

"Fundi," mmoja akasema, "unapima nini hicho, damu?"

Wengine wakacheka, lakini mwanamke aliyekuwa akipita alimvuta mtoto wake upande wa pili wa njia. Habari za mumiani zilikuwa hazijafa siku zile, za watu wanaotembea na vyombo wakitafuta damu ya kuuza. Jioni ile nilisikia kwamba nami nimeshaingizwa kwenye uvumi huo.

Mistari ya mchangani ilikutana karibu kabisa na nyumba ya Mama Upendo. Nilipoiona nikakikumbatia kisanduku. Baba hakuonekana kushangaa, na hilo nililiweka akilini kwa ajili ya Mama.

Maana kila jioni, Baba akiwa ameenda kuoga, Mama alinikalisha kwenye kibao cha mbuzi na kuniuliza.

"Mmefika kwake?"

"Tumepita."

"Alisimama au aliketi?"

"Alisimama."

"Alipewa maji?"

"Alipewa. Na mimi nilipewa, nikakataa."

"Kwenye glasi au kikombe?"

Nilishangaa kwa nini glasi ilikuwa na maana. Mama alikuwa anakuna nazi nyingine, siyo ile iliyohitajika, nazi ambayo hatukuila.

Siku ya kuingia ndani ikafika. Ilikuwa mchana wa jua kali, barabara inameremeta. Mama Upendo alitukaribisha, akamwambia Baba, "Shemeji, ingia tu." Neno hilo nalo nililiweka. Baba alisimama katikati ya ukumbi na kisanduku chake, mshale umeegemea ukingo wa kioo. Friji ilikuwa inanguruma. Nilisimama mlangoni, mguu mmoja nje.

"Niizime?" Mama Upendo akauliza.

"Zima."

Akachomoa waya ukutani. Friji ikatetemeka mara ya mwisho, ikanyamaza. Nilitegemea kitu kitoke. Mama Upendo akafungua mlango wake kwa mkono, labda aangalie barafu zake, nami nikaona ndani: vifuko vya ukwaju vimepangwa, chupa za maji, nusu ya papai. Basi.

Baba hakutazama friji. Alitazama mshale. Haukushuka hata kidogo. Kelele ilikuwa ileile, kubwa, ikitafuna.

Kuna jambo nililoliona hapo ambalo nimelibeba hadi ukubwani. Baba, ambaye alipaswa kufurahi kwamba ameondoa shaka moja, aliketi. Palikuwa na ndoo imepinduliwa chini juu, akaiketia, akaweka kisanduku sakafuni, akashika kichwa kwa mikono miwili. Nilidhani friji imemroga. Mama Upendo alikuja akasimama karibu naye, si karibu sana, akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe haikuwa friji."

"Nyamaza," Baba akasema.

"Mimi sitasema kwa mtu."

"Nyamaza, tafadhali. Mtoto."

Wote wawili wakanitazama.

Jioni nilimweleza Mama yote, neno kwa neno, hata ile ndoo. Alikuwa anawasha mkaa. Alipepea mpaka mkaa ukawa mwekundu, akaendelea kupepea. Hakuuliza swali hata moja. Wala hakuniuliza tena siku zilizofuata, na mimi kazi yangu ya upelelezi ikaisha bila mtu kuniambia kwamba imeisha.

Baba alirudi kwenye nyumba ile siku iliyofuata, ila hakuingia. Alizunguka nyuma. Palikuwa na mkorosho mkubwa, na pembeni yake nguzo ya umeme ambayo hakuna aliyeiangalia, kwa sababu nani anaangalia nguzo. Akanivika vile vya masikioni, akaokota gogo, akaipiga nguzo pigo moja zito. Kelele ikakatika. Nikainua mkono. Kisha ikarudi kwa kupasuka-pasuka, kra, kra, kra, mpaka ikashika mwendo wake. Akapiga tena, ikakatika tena.

Juu kabisa, kwenye vikombe vyeupe vya kigae vinavyoshika nyaya, chuma kimoja kilikuwa kimelegea. Umeme ulikuwa unaruka kijipengo chembamba kuliko unyoya. Mvua ikinyesha, maji yanaziba pengo, kunakuwa kimya. Jua likikausha, inaanza upya. Baba alinieleza hayo akiwa bado ameshika gogo, anatokwa jasho, na uso wake haukuwa wa mtu aliyeshinda.

Alingoja mkuu wake arudi. Hakutaka watu wa umeme wakaze chuma kile kabla hakijasikika. Siku hiyo jua lilikuwa kali, tukamshukuru Mungu kwa jua. Baba alikuwa ametuma watu Masaki wamlete Shangazi Mwajuma. Alikuja, amekonda, kanga ameifunga kifuani kwa fundo kubwa, hakumsalimu Baba ila Mama peke yake. Chumba cha redio kilikuwa kidogo: mkuu kwenye kiti, Shangazi kwenye stuli, Mama mlangoni, mimi miguuni pake.

Baba akawasha. Mngurumo ukajaa chumba. Mkuu alikunja uso, akazungusha vitufe alivyovizungusha mara ile, akachomoa antena, akarudisha.

"Ipo," akasema mwishowe. "Nimeisikia, Fundi."

Baba alikuwa anamtazama dada yake.

"Mwambie yule nesi aongee," Shangazi akasema. "Aongee kama alivyoongea siku ile."

Baba alibonya, akamwita, akaachia. Ndani ya mngurumo kikapita kitu, kama mtu anayesema akiwa chini ya maji. Kilipita, kikazama, kikapita tena.

"Anasema nini?" Shangazi akauliza.

"Sijui."

"Hata wewe? Sauti hizi unazijua miaka yote."

"Najua kwamba kuna mtu. Anachosema sikipati."

Shangazi alisikiliza muda mrefu, mkono ameuweka tumboni, mahali pasipo na kitu. Hakuna aliyemharakisha, hata mkuu. Mwishowe akasimama, akamgusa Baba begani kwa vidole vyake tu.

"Basi hukunisikia, kaka," akasema. "Mimi nilidhani ulinisikia."

Baba akatoka nje. Nilimwona kupitia mlango akiwa ameegemea nguzo ya antena, mgongo unamtikisika. Nikajua analia kwa sababu amesafishwa. Hivyo ndivyo alivyoelewa kila mtu, na mkuu akasema tumwache.

Watu wa umeme walipanda nguzo ile baada ya siku chache. Nilikuwa kizingitini walipokaza chuma. Mngurumo ulikoma, na yule anayecheka kabla ya kusema "ova" akasikika akicheka. Kazi ya Baba ikabaki. Miaka michache baadaye alihamishiwa Kibaha, akajenga hapa Kongowe, simu zikaja, redio za upepo zikawa vyuma chakavu. Shangazi alipata mtoto mwingine, msichana, ambaye sasa ana watoto wake. Ungesema mambo yaliisha vizuri.

Ila nyumbani kwetu palikuwa na kitu ambacho hakikukazwa. Mama na Baba hawakugombana. Walisemezana habari za chumvi, ada na mabati. Lakini Baba akianza jambo kwa "Unajua, mama watoto," Mama aliacha anachokifanya na kumtazama kwa namna ya pekee, ametega mwili mzima, na Baba akimaliza kusema kwamba paa linavuja au mbuzi ameugua, Mama alirudi kwenye shughuli yake na uso umezimika. Nilikua nikiamini ninajua sababu. Niliamini kuna mwanamke. Nilimchunguza baba yangu maisha yake yote, hata nikiwa na nyumba yangu mwenyewe: alikotoka, alichonunua, alivyopokea simu. Sikumkuta na kitu. Hilo nalo nililihesabu kama ujanja wake.

Tulipomzika, siku ya pili ya msiba, bibi mmoja alifika kutoka Kisarawe, kilemba chake kimefungwa kwa namna niliyoijua. Alikaa chini ya turubai na wanawake wengine, hakula. Alipotaka kuondoka akaomba nimshike mkono hadi barabarani.

"Wewe ndiye uliyebeba kisanduku," akaniambia.

"Ndiye mimi, Mama Upendo. Shikamoo."

"Marahaba." Alitembea kidogo. "Nilimwahidi nitanyamaza. Sasa ameondoka, na mimi nimebakiza siku chache. Siku ile ya shangazi yako, baba yako alikuja kwangu."

Nilisimama. Nilikuwa nimelingoja neno hilo tangu nikiwa na meno ya utoto, na lilipokuja sikulitaka.

"Alikuja anakimbia," akasema. "Peku, miguu imejaa vumbi jekundu. Hakupiga hata hodi. Alisema, 'Zima friji, kuna mtu ananiita na simpati.' Nikazima. Akarudi mbio vilevile. Aliporudi kwenye kiti kelele ilikuwa ileile, akadhani nimeshaiwasha tena, na waliokuwa wanaita walishakata tamaa. Alidhani ni friji yangu, unaelewa? Alikuwa ananishuku siku nyingi, alikuwa anakuja kusikiliza. Kumbe ni nguzo."

Nilimtazama usoni. Watu huja msibani wakaosha marehemu kwa maneno baada ya wengine kumwosha kwa maji, na mwanamke aliyekuwa akishukiwa ana sababu zaidi ya kuosha. Nikamuuliza kwa nini Baba asiseme, kama ni hivyo tu.

"Aseme aliacha redio? Aseme aliiacha akaja kwangu, na haikuwa friji? Nani angemsikiliza mpaka mwisho?"

Nikampandisha garini. Nilikaa na maneno yale, nikiyageuza huku na huku, mpaka siku ya tatu dua ilipokwisha na wageni wakapungua. Mama alikuwa uani anasugua masufuria ya msiba, amekataa kusaidiwa. Nikachutama kando yake, nikamweleza. Sikumwambia habari ya peku. Niliificha makusudi, kama mtego.

Alisugua akinisikiliza. Nilipomaliza akasuuza sufuria, akaiinamisha ichuruzike.

"Nilikuwa ninaanika nguo," akasema. "Nilimwona akitoka. Alikimbia peku juu ya changarawe ile, jua la saa saba. Mwanamume haendi kwa hawara kwa mwendo ule. Nilijua kuna jambo limempata."

"Ulijua?"

"Nilijua alitoka. Halafu nikamsikia akisema mbele ya watu kwamba hakutoka."

Alivuta sufuria nyingine. Niliiangalia mikono yake, nikafikiria zile jioni za nazi, lile jicho la kutega kila alipoitwa mama watoto, nikaona miaka yote ile ikijipanga upya.

"Nilikuwa nangoja aniambie," akasema. "Mimi tu, siyo watu. Angeniambia nilitoka, ningemwambia nilikuona."

"Ungemuuliza, Mama."

"Na yeye angesema bila kuulizwa."